Kisima cha Lita Elfu Kumi na Ndoo za Jirani

Mwanzoni mwa Septemba 2024 mama mdogo alinipigia simu kuniambia kisima kimekauka. Nilimbishia. Kwa hesabu niliyomwachia mwenyewe, kwenye daftari lililoning'inia ukutani jikoni, maji yale yalitakiwa kufika mwisho wa Novemba. "Basi njoo uyatafute hayo ya kwenye daftari," akasema, kisha simu ikakatika, sijui kwa salio au kwa hasira.

Nyumba yenyewe iko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Tandahimba, mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania. Wanaishi watu sita: mama mdogo, baba mdogo, watoto watatu na bibi aliyemzaa baba mdogo. Shamba ni ekari tatu. Mbili ni za mikorosho mikubwa iliyopandwa na wazee, na moja ina mihogo iliyochanganywa na kunde, mbaazi na njugumawe. Kwa mkulima wa huku hiyo si nyumba ya kimaskini wala ya kitajiri. Ni nyumba inayokula mwaka mzima kwa fedha ya miezi mitatu.

Fedha hiyo ndiyo iliyoanzisha yote. Msimu wa 2018/2019, bei za mnadani zilipokataliwa na korosho zikatangaziwa kununuliwa kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wakulima wengi yalichelewa. Baba mdogo alikuwa na korosho ghalani, stakabadhi mfukoni, na hana shilingi ya chumvi. Mbaazi nazo, zilizokuwa tegemeo la pili, zilikuwa zimeshaporomoka bei tangu India ilipobana uagizaji wa kunde kutoka nje mwaka 2017. Wakati huo mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki mbili ya permakacha, yaani kupanga shamba na makazi kwa kuiga mifumo ya asili, kichwa kimejaa michoro. Nikapanda basi kwenda kuwaokoa.

Neno permakacha lilizaliwa Australia miaka ya 1970, kwa Bill Mollison na David Holmgren. Ukiliondolea ugeni wake linasema mambo ambayo bibi hayamshangazi: tazama mahali kwa muda kabla hujachimba, kamata maji na rutuba vikiwa vingi ili uvitumie vikiadimika, kila hitaji kubwa la nyumba liwe na zaidi ya mahali pamoja pa kutoka, kila kitu ulichonacho kifanye kazi zaidi ya moja. La kwanza ndilo nililoliruka.

Nilianza na makinga maji. Nilipima kontua, yaani mistari ya ardhi iliyo usawa mmoja, kwa fremu ya miti yenye umbo la A, tukachimba mitaro mitatu kukatiza shamba la mihogo, siku sita za kazi ya watu wanne. Picha nilizoziona mafunzoni zilikuwa za milima ya udongo wa mfinyanzi, ambako maji hukimbia juu ya ardhi na shida ni kuyasimamisha. Uwanda wa Makonde ni mchanga. Maji hapa hayakimbii, yanazama. Ndiyo maana huku juu hakuna mito, na chemchemi ziko chini kwenye miteremko ya uwanda, na ndiyo maana mama zetu walitembea kilomita nyingi na ndoo kichwani kuteremka bondeni na kupanda tena. Mitaro yangu ilikuwa inasaidia maji kufanya jambo ambalo tayari yalikuwa yanalifanya kupita kiasi. Mvua ya kwanza ilijaa mtaroni asubuhi, mchana hamna kitu. Baba mdogo alisimama pale, mikono nyuma, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, shimo tumelipata." Mitaro ile sasa imejaa mchanga, na kuku huoga vumbi humo.

Kosa la pili lilikuwa matandazo. Nilifunika bustani yote kwa majani makavu ya mkorosho na mabua ya mtama. Ndani ya wiki chache mchwa walikuwa wamekula kila kitu, na wakiwa hapo wakaonja na miche ya mipapai. Kilichokuja kufanya kazi ni matandazo yaliyo hai: kunde, maboga na matembele, yanayotambaa na kufunika ardhi huku yanaliwa. Hilo bibi alikuwa akilifanya siku zote, ila hakuwa na jina lake la Kiingereza.

Vilivyofanikiwa vilikuwa vidogo na viko karibu na mlango. Shimo la migomba nyuma ya bafu, upana kama mita mbili na kina cha mita moja, tulilijaza takataka za jikoni, majivu na makapi ya mabibo, tukaelekeza humo maji ya kuogea. Migomba mitano kuzunguka shimo, mipapai katikati yake, matembele chini. Mlonge mmoja kando ya jiko. Mchicha na nyanya hatua kumi kutoka kwenye mafiga, kwa sababu mboga iliyo mbali haichumwi jioni mvua ikinyesha. Shamba kubwa la mihogo lilibaki kama lilivyokuwa, tofauti ikiwa aina za mbegu: badala ya moja, walipanda nne, zikiwemo zinazovumilia michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao mara nyingi mkulima hauoni mpaka siku anapong'oa muhogo na kuukuta umeoza ndani kama kizibo.

Halafu kisima. Hiki kinastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndicho kilichonigombanisha na mama mdogo.

Kuvuna maji ya paa si jambo geni uwandani. Nyumba nyingi zina kisima cha kuchimba uani, kimesakafiwa kwa saruji, kinangoja mvua ya Desemba. Paa la mama mdogo ni la bati, mita za mraba 60. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukikadiria milimita 800 kwa msimu, paa lile linapokea lita 48,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano kwa kurukia nje na kuvuja kwenye mifereji, zinabaki zaidi ya 38,000. Paa halikuwa tatizo. Tatizo ni pa kuyaweka. Fedha ya saruji ilitosha kisima cha kipenyo cha mita mbili na nusu na kina cha mita mbili na kidogo: lita elfu kumi.

Kiangazi chetu, tangu mvua inapokatika katikati ya Mei hadi inaporudi mwishoni mwa Novemba au Desemba, ni kama siku 200. Elfu kumi kwa siku 200 ni lita 50 kwa siku kwa watu sita. Ni kidogo, mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa kila mtu kuwa ndicho kima cha chini cha kunywa, kupika na kujisafi, na kwa watu sita hizo ni 90. Nikaandika daftarini: maji ya kisima ni ya kunywa, kupika na vyombo tu. Kuoga na kufua kutoke kwenye bomba la kijiji siku linapotoka. Nikapiga mstari chini, nikaandika "watu 6". Nilijiona mhandisi.

Kuna jambo moja kuhusu visima vya huku ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote wa kutoka nje. Kuanzia Juni watu hupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Ile poda ya njano hutembea na upepo, hukaa juu ya bati pamoja na vumbi la kiangazi na kinyesi cha ndege. Mvua ya kwanza inaosha vyote hivyo. Kwa hiyo bomba la mfereji wa paa lazima liwe la kuchomoka, na mvua mbili tatu za mwanzo zimwagwe kwenye shimo la migomba, hata kama kisima ni kikavu na roho inauma. Mama mdogo hulichomoa yeye mwenyewe, haamini mtu mwingine.

Aprili 2024

Mvua za msimu ule hazikutaka kuondoka. Aprili nzima mawingu, na Mei 4 Kimbunga Hidaya kikafika pwani ya Mafia. Sisi wa kusini tumezoea kusikia kimbunga kinapita. Mwaka 2019 Kenneth alitukosa akaangukia Cabo Delgado, Msumbiji, watu wakarudi majumbani wakicheka. Safari hii upepo haukuwa shida kubwa kwetu uwandani. Shida ilikuwa barabara. Maji yaliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na duka la kijijini lililozoea kuletewa mzigo likabaki na kiberiti na biskuti.

Hapa ndipo mipango yetu ilipopimwa, na matokeo ya mwanzo yalikuwa mazuri. Mihogo ilikuwa ardhini. Watu husifia maghala, lakini muhogo ulioachwa shambani ni ghala lisilo na panya: ukishakomaa unaweza kukaa miezi kadhaa zaidi bila kuharibika, ilhali ukiung'oa una siku mbili tatu tu. Kulikuwa na mtama gunia mbili, kilo 200, kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi bila dawa. Kulikuwa na mbaazi kavu, kisamvu, mlonge na ndizi.

Kilichoanguka ni makopa. Muhogo hukaushwa kwa jua, na jua halikuwepo. Vipande vilivyoanikwa juu ya mkeka viliota ukungu mweusi na wa kijani, wakavitupa. Karanga nazo zilianza kunuka, zikatengwa kwa kuogopa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Katika michoro yangu yote sikuwa nimefikiria mahali pa kukaushia vitu mvua inaponyesha, kana kwamba maafa huja kiangazi tu.

Siku ya tatu baada ya barabara kukatika akaja mdogo wake baba mdogo, na mke na watoto watatu. Mpunga wao bondeni ulikuwa umelala majini. Hakuna aliyeuliza watakaa hadi lini; mtu haulizi hivyo. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na mmoja. Mtama wa siku 83 kwa mlo wa nusu kilo kasoro kwa kila mtu ukawa wa siku 45. Kwenye daftari langu hapakuwa na safu ya wageni.

Ndipo bibi akataka kwenda kwenye mihogo michungu. Iko pembezoni mwa shamba, hupandwa kwa sababu nguruwe pori na nyani huikwepa, na inazaa sana. Wakati wa kawaida huloweshwa, hukaushwa na kutwangwa kwa siku nyingi mpaka sumu itoke. Wakati wa njaa watu hufupisha siku hizo. Hilo si la kuchezea Mtwara. Miaka ya 2002 na 2003 konzo ilipiga Newala na Mtwara vijijini, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, hasa ya watoto na kina mama, kwa sumu ya sianidi iliyo kwenye muhogo usiotayarishwa vizuri ukiliwa mfululizo bila protini ya kutosha. Miguu ikishapooza kwa konzo haiponi.

Nilikuwa Mtwara mjini. Kwa simu tukakubaliana mambo mawili. Unga wowote wa mihogo michungu ulowanishwe kwa maji, utandazwe kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uachwe kivulini saa tano ndipo upikwe siku ileile. Sianidi hupotea hewani kama gesi. Njia hiyo haihitaji jua kali, na ndio uzuri wake. Pili, ugali huo usiliwe mtupu hata siku moja. Mbaazi kila jioni, na vijana wakachimbe samaki nchanga. (Msomaji wa Dar atauliza ni samaki gani huyo. Ni panya wa shambani, na ukimcheka hujamla.) Walivuka. Barabara ilipofunguka na mtama wa shambani kuanza kuvunwa, wageni walirudi bondeni, na magunia yalikuwa yamebaki na debe moja.

Ndoo

Baada ya hapo nilidhani la mwaka limepita. Kisima kilijaa hadi mdomoni kufikia Mei 20, daftari likaanza upya: lita 50, lita 50, lita 50. Agosti kideri kikaua kuku 14 kati ya 17, kwa sababu katika vurugu za Mei chanjo ya matone ya jicho ilisahaulika. Ni hasara, lakini ni hasara inayoeleweka.

Ya kisima sikuielewa, hivyo nilikwenda kama nilivyoalikwa. Nilikagua sakafu nikitafuta ufa. Nikapima alama za maji ukutani. Hakuna palipovuja. Mama mdogo alinitazama nikimaliza kuzunguka, akaniambia, "Hakijapasuka. Tumekunywa."

"Watu sita?"

"Na wa pale."

Pale ni nyumba ya pili, mjane na watoto wanne, paa la nyasi. Nyasi hazikamati maji ya kunywa. Bomba la kijiji lilikuwa halijatoka kwa wiki kadhaa, na dumu la bodaboda yeye hawezi kulinunua kila siku. Kila asubuhi ndoo moja, kila jioni ndoo moja. Lita 40 kwa siku. Ukijumlisha na 50 zetu unapata 90, na elfu kumi ukigawanya kwa 90 unapata siku 111. Kuanzia Mei 20 hiyo ni Septemba 8. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila watu walikuwa pungufu.

Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesomea jambo, kwamba akiba ya nyumba ikigawiwa hovyo inaacha kuwa akiba, na kwamba angalau angeniuliza. Alinijibu akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho: "Maji ukimnyima mtu, msiba ukikufika utazika na nani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Lakini usiku ule, badala ya kulala, nilifungua ukurasa mpya daftarini nikamwomba aniambie kitu kimoja baada ya kingine ambacho kimetoka nyumba ile kuja hii tangu Januari. Nilitegemea orodha fupi. Palizi ya siku nne kwenye mihogo. Mzigo wa pingili za aina ya muhogo ambayo kwake haikupata michirizi, na ambayo sasa ndiyo bora kati ya zile nne. Ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, vikapu sijui vingapi, kwa kuwa mjane yule anajua vichaka ambavyo watu wengine wamevisahau, na kila kichaka kinapofyekwa kupanda mikorosho mipya yeye anajua kilichobaki kiko wapi. Kukaa na bibi siku zote ambazo mama mdogo alikwenda mnadani, kliniki au msibani. Kulala shambani wakati wa kuokota korosho ili zisiibwe. Mwezi wa Mei, watoto wawili wa wageni walilala kwake.

Nilikuwa nimeziita ndoo zile uvujaji. Kumbe katika mfumo niliouchora, ule wenye sharti kwamba kila hitaji liwe na zaidi ya mahali pamoja pa kutoka, nyumba ya jirani ilikuwa ni mbegu ya akiba, ulinzi, chakula cha porini na nguvu kazi, na mimi nilikuwa nimeichora kama mstari wa mpaka. Fikra za kujitegemea zinazotoka kwa watu wenye shamba lenye uzio na mlango wenye kufuli huhesabu watu walio ndani ya uzio. Kijijini kwetu mlango hauna kufuli mchana, na aliye na sufuria jikoni anaonekana moshi. Mpango unaotegemea jirani asijue ulichonacho umekufa kabla ya kuanza. Ukikataa kumhesabu kwenye karatasi, atajihesabu mwenyewe kwa ndoo.

Nisipake rangi mambo yasiyo mazuri. Kuanzia Septemba hadi mvua, nyumba mbili zilinunua maji kwa pamoja, na dumu la bodaboda si bei ya kuchekea. Baba mdogo aliuza mbuzi mmoja ambaye hakukusudiwa kuuzwa. Na chumvi, sabuni, daftari za shule, nauli ya hospitali, havioti kwenye shimo la migomba. Anayekwambia ekari tatu zinamtosha mtu kwa kila kitu hajapeleka mtoto mwenye homa hospitali usiku.

Kilichosaidia ni kwamba Oktoba 2024 korosho mnadani zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mjane ana mikorosho michache, lakini kwa bei ile ilitosha bati. Paa lake jipya ni kama mita za mraba 40, ambazo kwa hesabu ileile zinapokea lita 32,000 kwa msimu, na 25,000 na kitu zikiwa za kukamatika. Walichimba kisima cha pili uani kwake kwa ujima, saruji nusu kwa nusu. Mchanga ulitoka kwenye mitaro yangu ya kontua, kwa hiyo nayo hatimaye imefanya kazi. Jikoni kwa mama mdogo, juu ya mafiga, sasa kuna dari ya fito ambako makopa hukaushwa kwa joto la moto mvua ikinyesha. Yananukia moshi, watoto wanalalamika. Chanjo ya kuku imeandikwa kwa chaki mlangoni, kila baada ya miezi mitatu.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mfuniko wa kisima cha pili ulikuwa haujamiminwa. Kimefunikwa kwa bati kuukuu na mawe, na watoto wa nyumba zote mbili wametishiwa fimbo wakikisogelea. Nilishusha daftari ukutani nione hesabu za msimu mpya. Mama mdogo alikuwa ameikata ile "watu 6" niliyoipigia mstari, pembeni ameandika 13.

Sita na watano ni kumi na mmoja. Nilimuuliza hao wawili ni kina nani.

"Hawajaja bado," akasema.